Nambari Kumi na Mbili

Nambari kumi na mbili, ya ekzosi, ya nyuma kabisa,
ile inayojificha chini ya bomba, jicho lisikofika
na vidole hufika kimoja kimoja
kama wadeni msibani.

Asubuhi ilikuwa na pembe sita.
Saa nne ilikuwa duara, laini, inang'aa
kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa jana,
na mkononi mwangu mlikuwa na spana kumi na tatu.

Milimita moja. Wembamba wa ukucha.
Nilidhani bidii ingejaza nafasi hiyo.

"Nimeikuta hivi," nilisema.
Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Obunga ilikuwa inakaanga mgongo wazi,
moshi wa samaki ambao minofu yao imekwenda kwa wenyewe
ukapita juu ya boneti, ukatuachia njaa.
Mama Perpetua Akeyo, mwenye pikapu,
alikaa juu ya tairi, magunia sita ya omena nyuma yake,
soko la Luanda likimngoja,
akitazama wingu la upande wa Nandi
jinsi unavyomtazama mtu anayekuja kudai.
"Omena ikinyeshewa," alisema, "si omena tena. Ni aibu."

Rading' alikuja akifuta mikono
kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.
Akapenyeza kidole cha mwisho kule nyuma, akafumba macho,
akakizungusha polepole juu ya kile kichwa
kama mama anayetafuta jino la kwanza.
Kisha akatazama chini, ilikolala spana yangu,
uso juu, namba ikisomeka hata na asiyesoma.
Akaivuka.

"Leta mafuta ya breki. Na mshumaa."

Tuliinywesha. Tukangoja.
Nikachukua nyundo, akanishika kiwiko:
"Gonga, usipige.
Kutu haifukuzwi. Inabishiwa hodi."
Nikabisha. Hodi, hodi, hodi, mpaka bega likafa ganzi,
na ndani hakuitikia mtu.

Koleo la kubana liliteleza mara tatu,
mara ya tatu likaondoka na ngozi ya kidole changu.
Soketi kumi na moja, iliyopigiliwa kwa nguvu, ikateleza.
Mama Perpetua akasimama, akaketi.

Ndipo Rading' akachukua nati mpya,
akakivika kile kipara kofia,
akavuta mashine ya kuchomelea,
na stima ikapotea mtaa mzima.

Tulikaa. Ngurumo moja, mbali.
Mtu fulani alicheka, kisha akanyamaza.

Iliporudi, ilirudi na cheche:
nati na kichwa vikawa kitu kimoja, chekundu, kinachopumua.
Rading' akagusisha mshumaa shingoni mwa bolti
na nta ikatoweka, ikanyonywa ndani ya hesi
kama uvumi.

"Sasa. Kaza."
"Kaza?"
"Kaza kwanza. Mwenye kung'ang'ania,
msukume kule kule anakotaka kwenda."

Nikakaza, kiasi cha kope. Nikalegeza.
Kweee.
Mlango wa nyumba isiyokaliwa.
Robo. Rudi. Robo, na nusu, rudi,
nikiogopa kupumua nisije nikaikata,
mpaka ikatoka yote, fupi, nyeusi, inafuka,
na sikuamini kwamba kitu cha urefu ule
kilikuwa kimetushikilia watu watatu tangu asubuhi.

Hesabu aliiandika nyuma ya pakiti ya unga:
gasketi, bolti mpya, kazi.
Ya kuchomelea hakuiandika.
Mvua ilipofika Obunga, pikapu ilikuwa imeshapita Kisian,
turubai likiwa limefungwa kwa kamba zangu mwenyewe.

Jioni, tukifagia, nilisema:
"Ile bolti. Ilikuwa na pembe."

Rading' alikuwa anahesabu soketi. Hakugeuka.
"Kutu haing'ai," alisema.
"Kumi na moja iko wapi?"

Nikapiga magoti kuitafuta chini ya benchi,
na mfukoni ile bolti, iliyopoa zamani,
ikanichoma paja.