Gaskiti ya Shaba

Bwana Numbi, usinitajie tena motere ya Toyota.
Najua iko sokoni Kenya, najua bei yake,
najua kijana wa pale ataifunga kwa siku mbili
na gari litakwenda.
Hata mkokoteni unakwenda.

Marehemu baba yako alilivusha Kasumbalesa
mimi sijazaliwa,
usukani upande wa kuume, kama yalivyo ya Ndola,
na ukitaka kulipita lori njia ya Likasi
lazima abiria akuchungulie: bado… bado… haya, pita!
Mama yako ndiye aliyekuwa jicho la kushoto.
Aliniambia mwenyewe, akicheka,
kwamba ndoa yao ilisimama juu ya neno "bado".

Fungua mlango. Sasa ufunge, usiubamize.
Umesikia? Kama mtu mzima
anayefumba mdomo baada ya kusema lake.
Vumbi jekundu la miaka kumi na tisa limelala vitini,
lakini pitisha kidole kwenye ubao wa dashbodi:
gogo moja lilipasuliwa, likafunuliwa kama kurasa,
mishipa ya kushoto ikakutana na ya kulia
kama viganja vya mtu anayekinga maji.

Inama nami huku nyuma. Lete taa.
Springi nne, mbili kila upande,
na breki hazikai magurudumuni, zimejificha ndani,
zimekumbatia difu, ili gurudumu libaki jepesi,
lizame shimoni na kuibuka
bila kumwamsha aliyesinzia kiti cha nyuma.
Mtu aliketi akayawaza haya
katika nchi ya barabara laini,
kana kwamba amewahi kupita Katuba wakati wa mvua.
Nami namlaani vilevile: kubadili pedi zile
nililala chini kutwa, nikatoka kiwiko kinavuja damu.

Spana zangu za milimita zilikataa.
Kumi na tatu inalegea, kumi na mbili haiingii.
Nikakesha na tupa, nikachonga nusu inchi yangu
kutoka springi ya lori.
Hata betri yake imefungwa kinyume,
chanya ndiyo inayokamata bodi.
Kijana wako wa sokoni angeziunguza waya zote
kabla ya chai.

Kilichoua motere ni kimoja:
gaskiti ya kichwa, imepasuka kati ya silinda ya tano na ya sita.
Nilipiga simu hadi Kitwe. Hakuna.
Nikatoka nje nimekunja uso,
nikaiona dohani, na ule mlima mweusi chini yake,
nikajicheka.
Mji wote huu umejengwa juu ya nini?

Mjomba Kyalwe, aliyestaafu tanurini
akiwa bado anadai mishahara,
alivuta bamba la shaba kutoka chini ya kitanda.
Sikumuuliza lilifikaje pale.
Nililitia motoni likaiva wekundu,
nikalizamisha majini. Chuma ungekifanyia hivyo kingekuwa kigumu;
shaba hulainika.
Nikakata matundu sita, na yale madogo ya maji,
mengine mara mbili, maana nilikosea.

Haya. Ufunguo kwanza, usiwashe.
Sikiliza nyuma, kushoto:
tiki, tiki, tiki-tiki,
pampu inanyonya petroli, ikishiba inanyamaza.
Tangi la kulia usiliguse, limetoboka,
nitaliziba siku nyingine.
Washa.

Moshi mweupe, kikohozi, watoto wa jirani wanatimka,
kisha sauti inashuka, inashuka,
hadi nasikia kuku wa Mama Mwilambwe
wakiparura ng'ambo ya ukuta.

Uliza basi bei ya Toyota.
Ila umwulize yule aliyekwisha kuketi kushoto
bila hata kupangusa kiti,
na kitenge chake cha Jumapili, mkoba mapajani.
Anachungulia lango, anachungulia barabara.
"Bado," anasema.

Bado.