Muhula wa Mabibo

Geti ni lile lile, kutu imeongezeka.
Mlinzi ametutambua, katuita walimu,
mikoba hakuipekua.
Ni Novemba, na upepo kutoka Naliendele
unaleta mabibo yaliyoanza kuchacha,
harufu ambayo wageni huizibia pua
na sisi huivuta kama mtu aliyerudi jikoni kwao.

Miaka sita, Somoe.
Tuliondoka hapa kila mtu na shahada yake
na kikokotoo kimoja cha wote wawili.
Wewe Newala, mimi Nanyamba,
chaki, mahudhurio, watoto themanini kwa madawati ishirini,
na kila mwisho wa mwezi ujumbe wako:
"Tukasome tena, au tumeshazeeka?"
Ada yangu ni mkopo wa Saccos ya walimu.
Yako ni korosho za baba yako, mnada wa pili,
fedha zilizochelewa hadi ukaanza kuiota usiku
namba ya malipo, tarakimu moja moja.

Tumepanga chumba Chikongola.
Kitanda chako, godoro langu sakafuni,
chandarua tumekitundika katikati
kisimfunike yeyote vizuri.
Jana tulicheka hadi mwenye nyumba akagonga ukuta.
Leo alfajiri umenipigia pasi shati lako la bluu:
"Livae. Lina bahati, ndilo nililofanyia usaili."

Darasani tuko kumi na mmoja.
Daktari Mchopa akafuta miwani, akasema:
"Shahada ya kwanza mlileta majibu.
Hapa nataka maswali.
Jibu huazimwa, hata nauli huazimwa.
Swali haliazimwi. Haya, la kwako?"

Ukasimama wewe kwanza.
Siku zote wewe kwanza.
Ukasema utawachunguza wanawake wabanguaji,
mafuta ya ganda yanavyokula ngozi,
alama za vidole zinavyofutika
hata mashine ya vitambulisho ikawakataa
kana kwamba hawajazaliwa.

Sikusikia kilichofuata.
Vidole hivyo navijua.
Ni vya mama yangu, Somoe.
Nilikusimulia mwaka wa kwanza, umeme umekatika,
wewe kitanda cha juu, mimi cha chini,
nilikusimulia kama mtu anavyotua ndoo
aliyoibeba kutoka mbali.
Sikukutwisha.

Zamu yangu ilipofika nikasema: utoro,
msimu wa korosho. Daktari akaandika, akaafiki.
Swali zuri.
Nililichagua
kwa sababu halikuwa na mtu ndani yake.

Jioni, nje ya geti, ming'oko ya kuchemsha,
chumvi na pilipili kwenye karatasi
ya mtihani wa darasa la nne wa mtoto wa mtu.
Tukanunua fungu moja, mazoea.
Ukamenya, hukula.
"Umenuna."
"Sijanuna."
"Nimekungoja miaka sita uliulize wewe.
Kila nikikutajia mada unaniambia utoro, madawati, uji wa shule.
Nikajua humo huingii."

Sikujibu. Ming'oko ina nyuzi,
sharti uzivute taratibu.
Ukiharakisha zinakatika
na kukaa menoni hadi usiku.

Nina hasira bado. Naiandika hapa isomeke: bado.
Na ni kweli pia kwamba vidole vile
sijawahi hata mara moja kuvigeuza
nikavitazama upande wa ndani.
Kweli mbili, na chumba ni kimoja.

Taa ilipozimwa nikakutajia namba yake ya simu.
Ukaiandika gizani, mwanga wa kioo usoni mwako,
hukusema asante, na ulifanya vizuri.

"Ukienda Jumamosi," nikakiambia chandarua,
"fomu ya ridhaa iache mkobani.
Kalamu nayo.
Mpe mkono kwanza.
Atauvuta wake haraka aufiche kwenye khanga.
Usiuachie."