Onyesho la Mwisho la Zbyněk Haluška

Nisingempa uwanja wa mpira,
wala moshi wa rangi, wala skrini ndefu kama ghorofa.
Ningempa bafu la wachimba makaa, hapa Ostrava,
lile lenye minyororo inayoning'inia darini,
ambako baba alipandisha nguo zake kila alfajiri
na kuzishusha jioni,
ila siku moja.

Watu mia mbili, basi. Novemba, theluji chafu viatuni.
Zbyněk aje na goti lake bovu, aketi kiti cha jikoni,
na lile gitaa jekundu lililochubuka ubavuni
pale mkono wake ulipolisugua miaka arobaini na mitano.

Asianze na ule wimbo.
Ule umeshachakaa kwa harusi na matangazo ya bia.
Aanze na wa upande wa pili wa santuri,
tulioucheza mimi na dada yangu Blažena
hadi sindano ikachimba mtaro.

Sauti imepasuka? Ipasuke.
Akisahau ubeti tutamwokotea,
sisi wenye mvi, ambao masikio yetu
huvuma usiku kucha kwa sababu yake,
na hatumdai fidia.

Halafu asituage. Kwaheri hajui kuzisema,
aliaga mara tatu, akarudi mara nne.
Aliegemeze gitaa ukutani, spika ingali ikinguruma,
atundike koti lake la ngozi kwenye ndoana,
avute mnyororo, koti lipande taratibu
hadi pale zilipobaki zile nguo.

Atoke na shati tu, kwenye baridi.

Nami, fundi wa tramu, niliyezoea kufunga zamu,
nibaki nyuma kidogo
kabla sijazima swichi.