Kundi O

Shule zikifungwa, jokofu langu hubaki na njaa.
Damu ya Bwera ni ya wanafunzi;
sisi watu wazima tuna shamba, tuna mafua,
tuna kesho.

Wiki ya tatu ya likizo, saa nane usiku,
mkunga Mbambu aliingia bila hodi,
kandambili moja mguuni.
"Kabugho anamwagika."

Mtoto alishatoka, alishalia, alishafutwa.
Kondo lilitoka zima.
Tumbo ndilo lililosahau kukaza.
Walimchoma dawa, wakamkanda,
kikaloa kitenge, kikaloa cha pili,
likaloa shuka la hospitali.
Damu nzito kuliko maji? Aliyesema hivyo
hakuiona hii ikipita chini ya kitanda
ikitafuta mlango.

Mifuko mitatu. Miwili B.
Mmoja O.
Tone lake, tone la mfuko, juu ya kioo:
nikayachanganya, nikangoja
kuona kama yatagombana.
Dirishani Thembo, mumewe,
akikunja mkono wa shati, akiukunjua,
akiukunja.
Matone yalitulia.
Miaka yote nasikia watu wakisema
fulani na fulani damu zao zimepatana;
sikuwahi kuliona neno hilo kwa macho.

Lebo ina namba na tarehe ya Agosti,
jina haina.
Lakini siku ile niliwashika mikono mimi.
Kulikuwa na mvulana wa sare iliyopauka
aliyeuliza mara mbili kama soda ipo kweli,
akanywa yake,
akanywa na ya rafiki yake
aliyeanguka kwa kuiona sindano tu.
Huenda ni yeye.
Huenda ni yule binti aliyekuwa akisinzia.

Mingine miwili ililetwa na gari la Fort Portal
kukipambazuka,
ila huo wa kwanza ndio uliomshika asiondoke.
Saa mbili asubuhi aliomba chai,
akalalamika haina majani.

Mtoto ni mvulana wa nne, basi ni Kule.
Kwetu majina hupanga foleni,
hakuna pa kumchomeka mgeni.
Na mgeni mwenyewe yuko mahali fulani mlimani
anamwanikia mama yake kahawa,
anawaza mtihani.

Nimeandika daftarini: umetoka mmoja.
Nimefuta rafu.
Thembo amerudi, mkono umekunjwa,
anauliza kama inauma.

Jumatatu shule zinafunguliwa.
Soda nimeshaagiza.