Amana ya Tarishi

Mwaka ule serikali ilituuliza swali moja kwa posta,
na posta ya Cygnet ilikuwa mimi:
pikipiki, mifuko miwili,
mbwa kumi na mmoja wanaonijua kwa harufu.
Je, sheria ibadilishwe, wa jinsia moja waoane?
Nilizipeleka bahasha zikiwa na swali,
nikazichukua zimefungwa.
Moja ilinuka tumbaku, nyingine nta ya mishumaa,
ya akina Pybus ilikuwa na doa la chai.
Katika nyumba ya kijani, mke alinipa yake getini,
mume nyuma ya banda la kuku.
Sikuuliza. Mjumbe hauawi,
ila wahenga hawakusema kama mjumbe hulala.

Jumapili nilivaa tai, nikasoma somo la kwanza.
Padre Kevern akasoma waraka wa Askofu
polepole, kama mtu akanyagaye vigae vilivyolowa.
Maneno hayo nimeyaamini miaka hamsini na sita
bila kuyapima; nani hupima kuta za nyumba aliyozaliwa?
Kisha Tegan, binti yangu, akamleta Liesl,
muuguzi kutoka Hobart,
aliyenisafisha kidonda cha sukari mguuni
asikunje pua.
Tangu hapo nikisali, sala hunirudia
kama barua ya anwani isiyojulikana.

Alhamisi Bi Thelma Direen aliniita ndani.
Miaka themanini na tisa, ukungu machoni,
rozari imemzunguka kifundo kama bangili.
Ndiye aliyenifunza ishara ya msalaba
kwa kunishika kidole.
"Nitilie alama, sioni visanduku."
Nikamsomea swali mara mbili.
Birika likaanza kuimba jikoni, hakuna aliyeinuka.
"Hapana," akasema.

Visanduku viwili, na kati yake
upana wa kidole.
Yeye haoni. Mungu anaona, najua,
lakini siku zile Mungu alinyamaza pande zote mbili.
Ningeweza. Nani angejua?
Mkono ukaning'inia hewani
kama wa padre aliyesahau baraka.

Nikatia alama pale alipotaka.
Wino ulikuwa wa bluu.

"Umeandika nilivyosema?"
"Ulivyosema."
Akanipapasa vidole, kimoja kimoja,
kama anayehesabu chenji.
"Mwambie Tegan simchukii. Naogopa tu.
Nikifika kule nitaulizwa."
"Hata mimi nitaulizwa, Bi Thelma," nikasema,
naye akacheka kidogo, sijui kwa nini.
Mlangoni akanipa chupa ya jamu ya rasiberi.
"Ya Tegan," akasema.
Nikawa nimeshavaa kofia, nimeshawasha pikipiki,
ndipo akaita: "Na ya yule mwenzake."

Yangu niliitia mfukoni jioni hiyo,
alama yake mahali pengine.
Kilima chote hadi posta
nilizisikia bahasha zikisuguana,
yake na yangu na za wale wengine,
sauti ya karatasi tu,
huwezi kujua ipi ni ipi.

Jumamosi Tegan alipaka jamu kwenye mkate.
"Nani kapika?"
Nikamtaja. Kisanduku sikukitaja.
Liesl akalamba kijiko, akafikiri.
"Sukari imezidi," akasema,
akachota tena.