Betri Kwanza, Paneli Baadaye

Mimi ni fundi wa Mwanjelwa; maji nayajua ya ndoo.
Lakini Tusajigwe alipiga simu mara tatu,
ya nne akamtuma mwanawe, nauli mkononi,
nikateremka na koleo, mita, waya wa mita kumi,
mwekundu na mweusi umesokotana kama mapacha usingizini.

Mashua yake iko Matema, imelala ubavu mchangani,
fupi, tanga la turubai lenye nembo ya mbolea.
Kainunua kwa vyungu: miaka sita ya udongo wa Ikombe,
Jumamosi kwa Jumamosi, shilingi juu ya shilingi.
Sasa anataka taa.

Hakusema kwa nini. Aliyeniambia ni kijana, Andulile,
ameuma misumari miwili, anaongea kwa pembe ya mdomo:
usiku ule walimleta shangazi mwenye uchungu,
simu ikazima katikati ya ziwa,
ufuko wote ukawa mweusi kama kitako cha sufuria,
wakapiga kasia wakifuata mbwa aliyekuwa akibweka.
Mtoto yupo. Ana meno mawili.
Shangazi sikumuulizia.

Nikatafuta pa kuiweka paneli.
Mbele, tanga linaitia kivuli.
Nyuma, mgongo wa mwenye usukani.
Na asubuhi yenyewe hapa ni ya mkopo:
safu ya Livingstone imeziba mashariki,
jua halivuki mpaka saa tatu na nusu,
Mbeya watu wameshakunywa chai ya pili.
Nikapiga hesabu kwa mkaa juu ya ubao:
wati hamsini, toa mlima, toa tanga,
toa mawingu ya Kyela, yasiyojua likizo.
Ikabaki taa moja, simu mbili.
Inatosha.

"Betri kwanza," nikamwambia kijana, "paneli baadaye.
Ukiliita jua na nyumba haina mwenyeji,
kontrola itampokea mgeni kwa wazimu."
Mama yake akauliza fyuzi ni nini.
Nikasema: kiwaya chembamba
kinachokubali kufa kwa niaba ya wengine.
Akacheka. "Hata sisi tunacho.
Chungu kimoja kibovu tunakitanguliza kando ya moto.
Kikipasuka, tunapunguza nyasi."
Sijapata maelezo bora tangu siku hiyo;
wateja nawapa hayo hayo, bila kumtaja.

Kasha la betri nililisahau dukani.
Akaenda, akarudi na mtungi uliokatika shingo.
Kitu cha pembe nne ndani ya kitu cha duara!
Mimi nikatikisa kichwa, yeye akatikisa mtungi,
akaziba mianya kwa vipande vya kanga kuukuu,
betri ikatulia kama yai.
"Usiufunike," nikasema. "Betri ikishiba hutoa pumzi,
na pumzi yake inapenda moto."
"Mtungi usiofunikwa huingia mende," akajibu.
Lakini aliuacha wazi.

Nikapaka grisi kwenye vichwa vya betri.
Ziwa hili halina chumvi,
ila unyevu wake una meno.

Saa tatu na nusu jua likachungulia ukingoni,
likashuka mteremko bila haraka: miti, mihogo, mabati,
likafika mchangani, likapanda mashua,
na kitaa cha kijani kikakonyeza.
Mita ikasoma kumi na mbili nukta nane.
Kumi na tatu.
Hakuna aliyepiga makofi.
Tusajigwe alilisogeza tanga kwa mkono mmoja,
kivuli kikahama kutoka kona ya paneli,
namba ikapanda.
Akalirudisha. Ikashuka.
Akalisogeza tena, midomo ikihesabu.
"Kumbe hawa wawili hawapatani," akasema,
"anayetupeleka na anayetumulikia.
Basi tutasafiri tukiwaamua."

Malipo yalikuwa nusu pesa, nusu chungu.
Chungu kipo dukani, karibu na dirisha.
Natupia humo fyuzi zilizoungua.
Mke wangu anauliza nazitunzia nini.
Kimefika nusu.