Umbali Uliosafiriwa

Fomu ina safu kumi na moja. Nimekwama kwenye ya saba.
Jina la chombo: Mlezi. Aina: karakana ielayo.
Mahali: Mwanza Kusini, gati la nyuma,
pale reli inapoishia majanini.
Hali: ya kukatwa.
Hayo niliyajaza kabla chai haijapoa.
Halafu: Umbali uliosafiriwa.

Nimefungua daftari za Bwire Mugeta, mtunza stoo,
mwandiko umelala kushoto kama matete ya Igogo.
Hakuandika safari. Aliandika waliokuja:

Tagi Sizya, shafti imepinda, siku nne.
Boti ya mganga wa Kome, pampu.
Kivuko, pangaboi, jino moja limeliwa na mwamba.
Mwaka wa vita, boti tatu zisizo na majina,
rangi ya kijivu bado mbichi,
zilimgonga ubavuni usiku wa manane.
Mlezi hakuuliza zinakwenda wapi.
Alizipa dizeli, ribiti, mikate kumi na minane,
na vijana wake akawapa vitanda vya kulala kwa zamu,
godoro halijapoa, mwingine kashajitupa.

Ndivyo alivyoundwa: tumbo zima karakana,
mashine ya kukereza katikati, mahali pa moyo,
vitanda thelathini na viwili vya watu wa vyombo vingine,
na jiko la Nyanzobe, aliyejua
nani hali kamongo, nani anadanganya kashiba.
Nkwabi alichomelea mpaka kope zikaungua.
Watoto kwenye mawe ya juu, wakitazama zile cheche,
walidhani mle ndani kuna harusi kila usiku.

Kitanda namba tisa kina ukurasa wake peke yake.

Sizya ilitoka na shafti mpya siku ya Jumanne,
ziwa limetulia kama uji uliofunga utando.
Fundi wake, kijana Magoti, aliacha viatu chini ya kitanda.
Alisema mafuta ya injini yataviharibu,
nitavifuata Ijumaa.
Bwire kaandika: Viatu, jozi moja, vimepokelewa.
Na kila mwezi wa kuhesabu mali, miaka kumi na tisa:
Viatu, jozi moja. Vipo.
Viatu, jozi moja. Vipo.
Hakuna mahali alipoandika kwamba tagi haikurudi.

Mganga hajigangi. Kutu ya Mlezi ilianzia ndani,
kwenye farumi, mkono usikofika.
Pangaboi lake mwenyewe walilifungua
mwaka ule kivuko kilipokwama Sengerema,
shule zinafunguliwa, watoto wamesimama ng'ambo
na masanduku yao vichwani.
"Litarudishwa," kaandika Bwire, kwa penseli.
Tangu hapo Mlezi hakung'oa nanga.
Magugu yakamzunguka, mnandi akapata pa kuanikia mbawa,
juu ya bomba la moshi.
Na bado vyombo vilikuja, mabaharia wakifyeka njia kwa panga,
wamwegemee, wapewe, waondoke.

Kesho wanakuja wakataji na mitungi yao ya gesi.
Wamemnunua kwa kilo.
Jioni hii nimeteremka na tochi hadi namba tisa.
Vipo.
Nimeviinua nikitegemea ngozi iliyokakamaa.
Ni laini. Miaka yote hiyo
mtu alikuwa akivipaka grisi.

Basi, safu ya saba.
Mita ya injini inasema maili arobaini na moja,
karibu zote za majaribio, mwaka aliposhushwa majini.
Nimeandika arobaini na moja, kwa kuwa mkaguzi atapima,
na hakuna mita inayohesabu
maili za Kome, za Ukara, za wale wa kijivu,
za watoto wenye masanduku.
Nimeshuka hadi ya kumi na moja, Mengineyo,
kijisanduku chenye nafasi ya maneno matatu,
nikaandika kwa wino:
Viatu, jozi moja.